Lugha ya Alama Nayo Ni Somo la Lugha?

"Mwalimu, nisaidie jambo moja," mama mmoja aliniambia nje ya soko la Bukoba, mkungu wa ndizi ukiwa miguuni pake, akisubiri bodaboda. "Binti yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Wameambiwa wachague somo la lugha. Wenzake wamechukua Kifaransa, wengine Kichina. Wangu anasema anachukua lugha ya alama. Hiyo nayo ni lugha, waitu, au ni michezo ya mikono? Mimi nimeuza kahawa ya kibanja kizima kumlipia ada."

Swali hilo nimelisikia tena stendi ya Muleba, na nimelisikia Kamachumu tukiwa tumekaa kwenye nyasi msibani. Ndani yake yamo maswali mawili. La kwanza: je, hii ni lugha kamili, au chuo kinawapunja watoto wetu? La pili: itamlisha? Kuna la tatu ambalo wazazi hawaliulizi, nami naliona ndilo kubwa: wenye lugha hiyo ni akina nani, na wanakaa wapi?

Nilimjibu yule mama harakaharaka kwa sababu bodaboda ilikuwa imefika. Sura hii ndiyo jibu nililotakiwa kumpa.

Sharti la lugha ni kitu gani?

Nchini Marekani vyuo vingi humtaka mwanafunzi asome lugha ya pili kwa mihula kadhaa kabla ya kuhitimu, hata kama anasomea biashara au historia. Muhula ni kipindi cha masomo cha miezi minne hivi. Takwa hilo ndilo huitwa sharti la lugha. Kwa miaka mingi lilitimizwa kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani. Kuanzia miaka ya 1980, majimbo na vyuo vya huko, kimoja baada ya kingine, vikaanza kuikubali Lugha ya Alama ya Marekani. Kufikia mwaka 2016, hesabu ya wanafunzi wa lugha katika vyuo vya nchi hiyo ilionyesha kwamba walioandikishwa kusoma lugha ya alama ni 107,060. Ilikuwa ya tatu, nyuma ya Kihispania na Kifaransa, na Kijerumani kikiwa nyuma yake.

Haikupita bila mabishano. Wapo maprofesa waliosema lugha isiyo na maandishi haiwezi kuwa somo la chuo. Hoja hiyo Mhaya anaijibu akiwa amesimama. Babu zetu walizungumza, walitungiana mashairi, waliamua kesi na kuposa wake kwa Kihaya karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kuja na kalamu. Hakuna aliyethubutu kusema hawakuwa na lugha.

Wengine walisema si lugha ya kigeni, kwa kuwa wanaoitumia ni Wamarekani wenyewe. Hoja hiyo nitairudia mbele, kwa sababu huku kwetu Kagera inageuka kuwa sababu ya kuichagua.

Tanzania haina sharti moja linalombana kila mwanafunzi wa chuo kikuu. Kinachotokea ni kwamba programu kadhaa, hasa za lugha na ualimu, humwachia mwanafunzi nafasi ya masomo ya kuchagua, naye huijaza kwa lugha. Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi kwa njia nyingine. Kenya, ambako huiita lugha ya ishara, mwanafunzi kiziwi hufanya mtihani wa taifa wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Katiba yao ya mwaka 2010 imeifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo iliitaja lugha ya alama, wakati ambapo nchi nyingi za dunia zilikuwa hazijaifikiria.

Andika Bukoba kwa mkono mmoja

Tuanze na kitu ambacho msomaji anaweza kukijaribu hapo alipo. Inua mkono wako wa kulia, kiganja kikitazama mbele.

Vidole vinne vimesimama vikiwa vimebanana, kidole gumba kimekunjwa kwenye kiganja: hiyo ni B. Kunja vyote, bakiza cha shahada na cha kati vimesimama pamoja: U. Cha shahada kiendelee kusimama, cha kati kielekee mbele, gumba likiguse: K. Kutanisha ncha za vidole na gumba mpaka lipatikane tundu la duara: O. Rudi kwenye B. Kisha funga ngumi, gumba likae ubavuni: A. Umeandika Bukoba. Ukitaka Muleba, tayari unazo U, B na A. Imebaki M, ambayo ni vidole vitatu vilivyolalia gumba, kisha L, cha shahada juu na gumba pembeni, na E, ncha za vidole zikiinamia gumba.

Hiyo ni alfabeti ya vidole, yaani kila herufi ina umbo lake la mkono. Inayotumika kwetu ni ya mkono mmoja na inafanana sana na ya Marekani. Ukiijua usidhani umeijua lugha. Viziwi huitumia kwa majina ya watu, majina ya mahali na maneno mapya. Mengine yote husemwa kwa alama zenyewe, na mtu anayetamka sentensi nzima herufi kwa herufi ni kama anayekusomea barua kwa kutaja "ka, a, le, a." Utaelewa, lakini utachoka.

Alama moja ina sehemu tano ndani yake: umbo la mkono, mahali unapowekwa (kipajini, kidevuni, kifuani), mwendo wake, upande kiganja kinakotazama, na uso. Badilisha moja tu na neno limebadilika, kama "kata" inavyogeuka "pata" kwa herufi moja. Uso ndio unaowashinda wengi wetu. Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali. Kichwa kikitikiswa, imekanushwa. Mwanafunzi anayekaza uso kwa aibu anazungumza kama mtu anayesoma tangazo bila kupanda wala kushuka sauti, na kiziwi hajui kama anaulizwa au anaambiwa.

Aliyethibitisha kwamba huu ni mfumo wa lugha alikuwa mwalimu wa Kiingereza anayesikia, William Stokoe, aliyefundisha Chuo cha Gallaudet mjini Washington. Chuo hicho ni cha viziwi na kilianzishwa mwaka 1864. Mwaka 1960 Stokoe alichapisha kitabu kidogo kilichoonyesha kwamba alama zimejengwa kwa vipande vinavyojirudia, kama maneno yanavyojengwa kwa sauti. Wenzake wengi walimcheka. Leo hakuna mwanaisimu, yaani mtaalamu wa jinsi lugha zinavyofanya kazi, anayebisha.

Hapa nyumbani kuna jambo ambalo kila Mhaya anapaswa kulijua. Mwaka 2004 ilichapishwa Dar es Salaam *Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania*. Mwandishi wake ni Henry Muzale, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, mwaka 2006, mtaalamu huyohuyo alitoa kamusi ya Ruhaya (yaani Kihaya), Kiingereza na Kiswahili. Kabla ya hapo alikuwa ameandika tasnifu ya udaktari kuhusu njeo, yaani jinsi kitenzi kinavyoonyesha wakati, katika lugha za ukoo wa Kihaya, Kinyambo na Kinyankole. Anayejua Kihaya anajua utajiri huo: lililotendeka leo lina umbo lake la kitenzi, la jana lake, la zamani lake. Mtu aliyezoea kupima lugha kwa mizani nzito kiasi hicho ndiye aliyekaa akakusanya alama za viziwi na kuziita lugha kwenye jalada la kitabu. Mzazi anayeogopa kwamba binti yake anadanganywa namwonyesha kamusi hizo mbili.

Wakati nao una mahali pake mwilini. Katika lugha nyingi za alama, yaliyopita huonyeshwa nyuma ya bega na yajayo huonyeshwa mbele. Mtu akitajwa huwekwa upande fulani hewani, tuseme kushoto, na akitajwa tena unaelekeza huko tu. Kitenzi kama "kupa" kinatoka kwa mpaji kwenda kwa mpokeaji, kwa hiyo "nimekupa" na "umenipa" zinatofautishwa na mwelekeo wa mkono. Kiswahili hubeba mtendaji na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Lugha ya alama nayo hufanya hivyo, ila viambishi vyake viko hewani.

"Si asome midomo tu?"

Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliniuliza hivyo. Nilimwomba asimame mbele ya kioo aseme bila sauti: *baba*, *mama*, *papa*. Midomo inafungwa na kufunguka vilevile mara tatu. Halafu aseme *bata* na *pata*. Sauti nyingi zinatengenezwa ndani ya kinywa na koo, mahali jicho halifiki. Anayesoma midomo anabahatisha, akisaidiwa na mazungumzo yenyewe. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, ambaye hajawahi kusikia hata neno moja la Kiswahili, anabahatisha kwa lugha asiyoijua.

Lakini kwa karibu miaka mia moja walimu wa viziwi duniani walilazimisha hivyo. Mwaka 1880 walikutana mjini Milan, Italia, wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, alama ziwekwe kando. Kati ya waliopiga kura, viziwi walihesabika kwa kidole. Uamuzi huo ulikuja kukataliwa rasmi na mkutano wa aina hiyohiyo uliofanyika Vancouver, Canada, mwaka 2010. Ni miaka 130. Hebu fikiria watoto wangapi walipigwa mikono kwa kosa la kuzungumza.

Upepo huo ulifika kwetu pia. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963, ya Buguruni jijini Dar es Salaam ikafuata mwaka 1974, na katika shule za mwanzo mkazo ulikuwa kwenye kutamka. Watoto walijifunza alama walizopeana wenyewe bwenini baada ya taa kuzimwa, au uwanjani wakati wa mpira.

Na hivyo ndivyo lugha za alama zinavyozaliwa. Mtoto kiziwi peke yake kijijini ana ishara chache za nyumbani: njaa, lala, ng'ombe, baba. Walete watoto hamsini wa namna hiyo mahali pamoja na lugha inachipuka. Dunia iliona hili waziwazi Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati, shule ya viziwi ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na watoto wakajenga lugha ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Ndiyo maana shule ya viziwi iliyoko Mugeza, Bukoba, ni zaidi ya majengo na ubao. Kwa mtoto aliyetoka visiwa vya Muleba au vijiji vya Karagwe, huenda ni mahali pa kwanza maishani anapokutana na mtu anayemwelewa sentensi nzima.

Kuna jina moja zaidi la kulijua. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya Gallaudet, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, kisha akaendelea nchi hadi nchi Afrika, akiacha shule nyuma yake, akifundisha kwa alama wakati wengine wakizikataza. Alama za Kimarekani zilienea Afrika kwa sehemu kubwa kupitia mikono yake na ya wanafunzi wake. Alikufa katika ajali ya ndege ndogo huko Rwanda tarehe 3 Desemba 1987, nchi ambayo kutoka kwetu unaingia kwa kuvuka daraja la Rusumo. Viziwi wa Tanzania nao walikuwa wameanza kujipanga: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilizaliwa mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980.

*Kwa ufupi hadi hapa:* lugha ya alama ina sarufi yake, kamusi yake na historia yake. Si Kiswahili cha mikono, na si moja kwa dunia nzima. Ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zinatofautiana, na ya Uingereza haielewani na ya Marekani ingawa nchi zote mbili zinazungumza Kiingereza.

Itamlisha?

Sasa swali la ada ya kahawa. Nitasema ukweli hata kama unapunguza shauku.

Kijana wa Kagera ana sababu nzuri za kusoma Kifaransa. Mkoa wetu unapakana na Rwanda na Burundi, Kongo haiko mbali, na malori yanapita Rusumo usiku na mchana. Kichina kinafungua milango ya makampuni ya ujenzi. Lugha ya alama haimpi mtu kazi kesho yake asubuhi. Muhula mmoja au miwili haumfanyi mtu kuwa mkalimani, yaani anayegeuza maneno ya upande mmoja kwenda lugha ya upande wa pili papo kwa papo. Hiyo ni kazi ya miaka. Namwogopa mkalimani wa muhula mmoja anayesimama mahakamani kuliko ninavyoogopa kukosekana kwa mkalimani kabisa, kwa sababu hakimu atadhani ameelewa.

Ila angalia upande mwingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai mawasiliano yanayofikika, ikiwemo tafsiri ya alama katika habari za televisheni. Yule mtu unayemwona kwenye kona ya skrini yupo hapo kwa haki ya mtu. Shule zinahitaji walimu, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinajulikana nchi nzima kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Kampala, ambako basi la Bukoba linafika kwa kupitia Mutukula, Chuo Kikuu cha Kyambogo kimekuwa kikifundisha wakalimani, ingawa kwa alama za Uganda. Anayeanza na somo la kuchagua anaweza kufika huko.

Lakini nadhani hesabu kubwa iko kwa wale ambao hawatakuwa wakalimani kamwe. Mwuguzi. Mwalimu wa shule ya kawaida. Karani wa benki. Polisi wa kituo kidogo.

Nilikaa siku moja kwenye benchi la kituo cha afya, sitataja cha wapi. Mama mmoja kiziwi, kijana bado, mjamzito, alikuwa ameletwa na mama mkwe wake. Mwuguzi aliuliza, mama mkwe akajibu. Mwuguzi akauliza tena, mama mkwe akajibu tena. Yule binti alikuwa akitazama mdomo huu, kisha ule, kama mtu anayefuata mpira. Ilipofika maswali ya ndani, yale ambayo mwanamke hayasemi mbele ya mama mkwe, mama mkwe aliendelea kujibu. Binti akaguswa bega, akaonyeshwa mlango, akatoka na karatasi ya dawa ambayo sina hakika kama aliweza kuisoma. Mwuguzi hakuwa mtu mbaya. Alimshika mkono kwa upole sana. Alichokosa ni alama thelathini: unaumwa wapi, tangu lini, damu, siri, peke yako, usiogope.

Wanafunzi wa uuguzi wa Ndolage na Rubya, na wa ualimu pale Katoke, wanaishi katika wilaya hiyohiyo ya Muleba na watu kama yule binti. Alama thelathini ni kazi ya wiki chache.

Tena Kagera ni mkoa ambao habari za afya zimekuwa za kufa na kupona. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walibainika hapa mwaka 1983. Homa ya Marburg ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023 Bukoba Vijijini, ikatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Katikati palikuwa na majuma ya redio na magari yenye vipaza sauti yakipita kutuambia tusishikane mikono, tusiguse maiti. Jiweke kwenye nafasi ya mtu anayeona majirani wameacha ghafla kumpa mkono, wanakaa mbali naye, wananawa kila wakati, na hajui kwa nini.

Uziwi wenyewe mara nyingi unatokana na mambo tunayoyajua. Homa ya uti wa mgongo, surua, rubela ya mama mjamzito. Malaria kali inayopanda kichwani, na kwinini ya kiwango kikubwa iliyotumika kuitibu, zinaweza kuharibu usikivu, na Muleba ni wilaya iliyopigwa na milipuko ya malaria. Kwa hiyo wengi wa viziwi wetu walizaliwa na wazazi wanaosikia, katika nyumba ambazo hakuna anayejua alama hata moja. Hapa ndipo ninaporudia ile hoja ya Wamarekani, kwamba si lugha ya kigeni. Ni kweli, si ya kigeni. Kifaransa utakisoma ukitumaini siku moja kukutana na wenyewe. Wenye Lugha ya Alama ya Tanzania wako Hamugembe, Nshamba na Kamachumu, wanauza nyanya na kushona viatu, nawe umekuwa ukiwapita kila siku.

Kabla hujajiandikisha

Wapo wanaoichagua wakidhani ni mteremko: hakuna tahajia, hakuna matamshi, "A" ya bure. Wanashangaa wiki ya tatu. Macho yanauma kwa kufuatilia mikono, mkono wa kulia unasahau ulichojua jana, na hakuna daftari la kukuokoa, kwa kuwa ukiinamisha macho kuandika tayari umekosa sentensi. Ili usipoteze muda na ada, uliza haya:

- Anayefundisha ni nani? Bora awe kiziwi mwenyewe, au awepo kiziwi anayeshirikiana na mwalimu kila wiki.
- Ni alama za nchi gani? Video za mtandaoni nyingi ni za Kimarekani. Zitakusaidia kidogo, zitakupotosha mahali.
- Je, kuna saa ya kufunga mdomo? Darasa ambalo watu wanaongea kwa sauti muda wote huku wakichezesha mikono linafundisha kitu kingine.
- Mtihani unafanywa kwa mikono au kwa karatasi? Ukiwa wa karatasi pekee, utahitimu unajua *kuhusu* lugha ya alama.

Jiulize na wewe pia. Uko tayari kwenda Mugeza Jumamosi, ukakaa na watoto wa darasa la tatu wanaokucheka kwa sababu umekosea alama ya kuomba maji?

Kwa vyuo nina ombi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga tawi lake hapa Kagera. Chuo hicho ndicho kilichotupa kamusi ya mwaka 2004. Tawi jipya halijazoea ratiba yoyote bado, na shule ya viziwi iko jirani. Somo la Lugha ya Alama ya Tanzania, likifundishwa na viziwi wanaolipwa kama walimu wengine wa lugha, linaweza kuwa miongoni mwa masomo ya mwanzo pale. Nalitaka hilo sana, na nalisema kwa kila anayenisikiliza.

Neno moja la adabu. Usimwite mtu bubu. Wenyewe wanasema *kiziwi*, wala hawaoni aibu nalo. Ni jina la watu wenye lugha. Bubu ni asiye na la kusema.

Jirani yetu wa Kamachumu

Nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, jioni, Bukoba mjini, kwa kijana kiziwi fundi cherehani aliyenifundisha mashine ikiwa imesimama. Baada ya miezi minne nilienda nyumbani Kamachumu nikiwa na hamu ya mtu mmoja: mzee wa jirani yetu, kiziwi tangu utotoni, aliyetulinda sisi watoto mtoni na ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kupunga mkono.

Ulikuwa msimu wa senene. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, ungo mapajani. Nikapiga magoti kumwamkia, kisha nikanyoosha mikono na kumwambia, kwa alama nilizozifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi, kwamba nimejifunza lugha yake.

Alinitazama muda mrefu, halafu akanyanyua mabega. Hakuelewa hata moja. Hakuwahi kwenda shule. Mugeza haikuwepo katika utoto wake, na wala hakuwahi kukaa na kiziwi mwingine. Alichokuwa nacho ni ishara alizotunga yeye na marehemu mama yake, na mama alikuwa amekwenda nazo kaburini.

Nilikaa kwenye mkeka, nikaona haya. Yeye akaendelea na kazi. Baadaye akanigusa goti, akashika senene mmoja kati ya vidole viwili, akanyofoa mabawa, akanyofoa miguu, akaniwekea kiganjani. Kisha akafanya vilevile kwa vidole vitupu, bila senene, mara mbili haraka, nyusi zikiwa zimepanda.

Nikajaribu. Akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu, akanisogezea kidole gumba karibu na cha shahada, akaurudia mwendo polepole mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Nikajaribu tena. Akanisogezea nusu ya ungo.